Sufuria Iliyokemewa

Kiongozi wetu alituambia tunakwenda kwenye giza. Alilisema hilo muhula mzima, kule chuoni Morogoro, kwa sauti yake iliyokauka kwa kukemea mapepo, na sisi wanafunzi wa ushirika wa maombi tukachangishana nauli, tukafunga, tukalia, tukavuka mpaka wa Namanga tukiimba. Kisha tukashuka Ruiru, Kenya. Mtaa tuliofikia ulikuwa na kanisa la ghorofani juu ya duka la vipuri, kanisa la mabati nyuma ya kituo cha mafuta, na kanisa la hema kwenye kiwanja cha mtu, na spika zao zilikuwa zikigombana Jumatatu mchana kweupe. Nilimgeukia kiongozi nimuulize giza liko upande gani. Alikuwa anajirekodi kwa simu.

Nilikuwa mwaka wa pili, nasomea ualimu, na sikuwa mtu wa ubishi. Ubishi niliuokota safarini.

Siku za kwanza tulipelekwa Thika, mtaa wa Landless, kuhubiri mlango kwa mlango. Mama wa kwanza niliyemkuta alikuwa anafua uani. Nikamwamkia shikamoo, akatazama nyuma yake kuona kama kuna mzee amesimama pale. Nikamuuliza kama amempokea Yesu.

“Mimi niliokoka nikiwa Form Two,” akasema, mikono ikiwa ndani ya povu. “Na niko kwaya. Hii nafua ni yunifomu ya kwaya. Wewe uliokoka lini?”

Nikamwambia mwaka juzi.

“Basi kuja nikuombee.”

Na aliniombea kweli, mikono yake yenye sabuni juu ya kichwa changu, kwa nguvu na kwa muda mrefu, mpaka majirani wakatoka kusema amina. Mlango uliofuata alitoka kijana aliyekuwa ametoka shifti ya usiku kiwandani, macho mekundu. “Aki wasee, niacheni nilale,” akasema. “Mimi na Yesu tuko sawa.” Mlango wa tatu hawakutufungulia kabisa, ingawa tulisikia mhubiri akinguruma kwenye televisheni yao. Jioni kiongozi aliandika kwenye kundi letu la simu kwamba Landless ni ngome ngumu ya adui na tuzidi kufunga. Nilisoma ujumbe huo nywele zangu zikinuka sabuni ya mtu.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba kufikia katikati ya wiki tulikuwa tumeshaumbuka, na kiongozi alikuwa akimtafuta shetani wa kurudi naye nyumbani.

Sisi dada tulilala kwa mchungaji pale Ruiru. Kina kaka walilala kanisani, wakanywa maji ya tanki la kanisa, na kufikia Jumatano wawili wao, kiongozi akiwa mmojawapo, walikuwa wakikimbilia chooni wameshika mikanda mkononi. Hakuna aliyelikemea tanki. Walimeza vidonge, wakasema ni mabadiliko ya maji, mambo yakaisha.

Mke wa mchungaji, ambaye kila mtu alimwita mama pasta, alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, mwenye watoto wadogo waliopanda juu ya mabegi yetu kama mlima. Nilimpenda upesi. Alhamisi jioni tulikuwa nyuma ya nyumba tukimenya viazi, ndipo akaniambia habari za kesho yake.

“Kesho mnaenda Gatuanyaga kwa cucu mmoja,” akasema. Cucu ndiye bibi kwa Kikuyu. “Huko hakuna kufunga. Mtakula. Kiongozi wenu nimeongea na yeye, amekubali.”

Tulikuwa tumeagizwa kufunga kila siku ya safari, tangu asubuhi mpaka jua lizame, kwa hiyo nikauliza kuna nini kwa huyo bibi.

Akanieleza huku akimenya. Bibi alikuwa na mkwe, mke wa mwanawe. Siku moja mkwe alikula kwake chakula cha mchana, jioni tumbo likamshika, wakamkimbiza hospitali Thika, na huko akafa. Madaktari walisema ni kidole tumbo kilichopasuka. Majirani walisema lao. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyetia mdomoni kitu kilichopikwa na yule bibi. Kikundi cha akina mama wa kanisa lao, tawi la huko Gatuanyaga, huzunguka nyumba kwa nyumba kila mwezi, kila mmoja akiwapokea wenzake na kuwapikia, na ikifika zamu ya bibi huirukia nyumba inayofuata na kusema wamesahau.

“Pasta amewafinya mpaka wamesema sawa,” akasema mama pasta. “Wageni wakikula kwa cucu na wakae wazima, mwezi ujao hao wamama wataenda kwake. Nyinyi ni watumishi, mmetoka mbali. Mkikula, watasema nini tena?”

Nilitoboa jicho la kiazi kwa ncha ya kisu. “Na wewe mama, huwa unakula kwake?”

Alichukua kiazi kingine, akakigeuza, akakirudisha.

“Mimi niko na watoto,” akasema.

Nikaelewa tulichotumwa kufanya. Tulikuwa waonjaji. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sikuwahi kufikiri kuna mwenyeji anayeweza kukaa pembeni kwanza aone kama mgeni mwenyewe atapona. Nilimkasirikia yule mama na kicheko chake, nikamkasirikia na mumewe. Lakini nikasema moyoni, sawa, nitakula, mwanamke mzima hawezi kusingiziwa kifo kwa sababu ya kidole tumbo.

Ijumaa, pamoja na mchungaji na mkewe, tuliteremkia barabarani tukaingia Gatuanyaga kwa miguu, pikipiki zikitupita na kutuachia vumbi menoni. Bibi alikuwa amefagia uwanja wake na kuunyunyizia maji. Alikuwa mfupi, kitambaa kichwani, sweta nzito juani, na uso wa mtu aliyekatizwa kazi. Nikamwamkia.

“Eeh,” akajibu. “Kaeni. Mmechelewa, uji inapoa.”

Nje ya ua wa michongoma akina mama walikuwa wakipita. Walipita kwenda, wakapita kurudi, mahali ambapo hapakuwa na njia yoyote. Mmoja alisimama kabisa, akajifanya anafunga kiatu, na alikuwa amevaa kandambili.

Chakula kilikuwa mezani nje. Palikuwa na sufuria ya mukimo, viazi na mahindi na majani ya malenge vilivyopondwa pamoja mpaka vikawa kijani, chakula ambacho kwao humpikia mgeni wa heshima. Palikuwa na kuku. Palikuwa na ndoo ya uji wa kuchacha, ule wanaouacha uchachuke kwanza ndipo waupike. Bibi alisimama kando ya sufuria na mwiko mkononi, akingoja. Kisha kiongozi wetu akainuka.

Hapa inabidi niseme kuhusu sisi. Kwenye ushirika wetu hatuli chakula cha ugenini bila kukikemea. Tunakemea wali wa kantini, tunakemea maandazi ya stendi, nimewahi kumwona mtu akikemea embe. Hatumaanishi kitu chochote juu ya mpishi, ni mazoea kama kunawa mikono. Lakini mazoea yetu hayakutanguliwa na mtu wa kuyaeleza, na kiongozi, aliyejua habari zote za bibi yule, alinyoosha mikono yote miwili juu ya sufuria, akafumba macho na kufungua ile sauti.

“Kila sumu iliyotegwa ndani ya sufuria hii, nakukemea! Kila roho ya mauti iliyojificha ndani ya chakula hiki, toka!”

“Toka!” timu ikaitikia.

Hata mimi mdomo ulifunguka wenyewe, nikaufunga ukiwa nusu. Nje ya ua hatua zilikoma. Yule mwenye kandambili alishika kifua. Bibi aliteremsha mwiko polepole, akaulaza juu ya mfuniko. Mama pasta alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Kiongozi alipomaliza alipangusa jasho, akatabasamu, akasema Bwana akubariki sana mama kwa ukarimu, ila sisi tuko kwenye mfungo. Akaketi. Alikuwa amekisafisha chakula cha watu na sasa hakili.

Nilimwinamia. “Jana ulikubali tule.”

“Nimesikia rohoni tusile.”

“Rohoni au tumboni?”

“Dada, usilete roho ya uasi hapa.”

Ningependa kusema niliinuka kwa upendo. Niliinuka kwa hasira, hasira kavu iliyonisimamisha kabla sijaamua, nikaenda mezani nikachukua sahani. Bibi hakunishukuru. Alinipakulia mlima wa mukimo na paja la kuku, akaniambia, “Hiyo sahani umeshika vibaya, itamwagika. Kaa chini.” Nikakaa, nikala mbele ya watu wote. Uji ulikuwa mchachu hata jicho moja likafumba, nikamaliza kikombe, nikaomba kingine. Nilikuwa nasikia akina mama nje ya ua wakitazama koo langu. Hakuna mwingine aliyegusa kitu, si wa timu yetu, si mchungaji, si mkewe.

Njiani kurudi kiongozi alitangaza kwamba nimemfungulia adui mlango. Nikamwambia adui alikwisha kuwa na mlango wake, tulitoka nao Morogoro. Dada wenzangu waliacha kukaa karibu nami. Mmoja aliniuliza kwa upole kama nahisi kitu chochote tumboni, na akaniuliza tena tulipofika Juja.

Jumamosi asubuhi tumbo likanigeuka.

Sijui mpaka leo lilikuwa nini. Labda ule uji mchachu juu ya tumbo lililoshinda njaa wiki nzima, labda lilikuwa lile tanki, maana nasi tulikuwa tukichotewa humo maji ya kusukutua. Ninachojua ni kwamba choo kilikuwa kimoja na nyumba ilikuwa imejaa watu wenye masikio. Kufikia saa nne kiongozi alikuwa amekwishafika pamoja na timu nzima, wamesimama nje ya mlango wa choo wakiniimbia pambio la ushindi. Nilifungua mlango kidogo nikamtupia kandambili. Ilimpata begani, na hilo silijutii.

Mama pasta aliwafukuza. Akaniletea chai ya rangi yenye sukari na chumvi, akaketi pembeni ya godoro, na safari hii hakucheka.

“Kesho ibada ni Gatuanyaga,” akasema. “Kanisa yote itakuwa inakuangalia. Ukikosa, huyo cucu amekwisha. Watasema hata mtumishi ameangushwa.”

“Nitakwenda.”

“Na usikae kama mgonjwa.”

“Na wewe mama? Kesho kuna chakula baada ya ibada. Ukila chake wewe, mambo yameisha. Hawatanihitaji mimi.”

Alinisogezea kikombe. “Kunywa,” akasema.

Kanisa la Gatuanyaga lilikuwa la mabati, na saa tano mabati yalianza kupiga kelele kwa joto. Niliketi mbele, mgongo wima, tabasamu usoni, nimebana kila kinachobanika. Ibada ile ilikuwa ndefu kuliko safari ya kutoka Namanga. Nilipogeuka niliweza kumwona bibi kwenye benchi la nyuma, na sweta yake ileile. Kila benchi lilikuwa limebanana mpaka watoto wanapakatwa, ila la kwake alikaa peke yake, nafasi kulia, nafasi kushoto. Wakati wa kuimba alipiga makofi vilevile.

Ikafika zamu ya kiongozi kutoa ushuhuda wa safari. Alianza na Landless, ambako ngome zilikuwa zimeanguka bila mimi kuziona. Kisha akashusha sauti.

“Kuna dada yetu mmoja,” akasema, “aliyekula kitu ambacho Roho alituzuia. Jana adui alimpiga tumboni mchana kutwa. Lakini Mungu ni nani?”

Kanisa halikumjibu Mungu ni nani. Vichwa vyote viligeuka nyuma, kwenye lile benchi. Nikasikia mwanamke mmoja akimwita Mungu kwa Kikuyu, “Ngai!”, kwa sauti ya chini, na mwingine akijibu “Si tulisema.” Bibi hakuinama. Alikaza macho mbele kama mtu anayepigwa picha.

“Dada, njoo mbele tukuombee,” akasema kiongozi.

Nikaenda mbele. Nikamnyang'anya kipaza sauti, na nikasema kwa hasira.

“Tumbo liliniendesha, kweli. Liliwaendesha na kaka wawili siku ya Jumatano, kabla hatujaijua hata njia ya kuja Gatuanyaga. Mmoja wao ni huyu hapa, aliyesimama karibu yangu. Siku ile alikimbilia chooni akaacha Biblia kwenye sinki. Mbona hakusema ni adui? Alisema ni maji ya Ruiru. Basi hata yangu ni maji ya Ruiru. Kwa bibi nilikula, nikashiba, na leo nitakula tena.”

Mzee mmoja akaangua kicheko, na kanisa zima likamfuata. Walicheka mpaka wengine wakapangusa macho kwa leso. Kiongozi alisimama akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mchungaji alipanda haraka kufunga kwa maombi. Nikadhani nimeshinda.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, akina mama walikuwa wamepanga sufuria zao mezani. Bibi alikuwa ameleta yake, ameiweka mwisho kabisa. Watu walijipanga foleni, wakachukua wali, wakachukua ndengu, wakachukua chapati, na walipofika kwenye ile ya mwisho sahani zilikuwa tayari zimejaa. Walivyocheka na kukubaliana na mimi, walipita vilevile. Nikaenda moja kwa moja kwenye sufuria ya mukimo. Nikapakua, nikala nimesimama pale mezani, kila mtu anione nikitafuna. Kisha nikachukua sahani nyingine, moja ya sahani za bibi zenye alama ya rangi nyekundu ya kucha chini yake zisipotelee kwa wenzake, nikaijaza, nikampelekea mama pasta alikoketi na wake wa wazee wa kanisa.

“Mama, karibu,” nikasema kwa sauti ya kusikika.

Wenzake waligeuka kututazama. Alinitazama, na nikaona alinichukia dakika ile. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, akaipokea sahani, akasema, “Asante sana, msichana wangu.” Mmoja wa akina mama wa kile kikundi aligeuka akamtazama bibi, na kwa mara ya kwanza akamtikisia kichwa. Bibi naye akamtikisia. Nilikwenda kutafuta choo nikiwa karibu kuimba.

Niliporudi, basi la kuturudisha lilikuwa limekwishawasha injini. Niliingia kanisani kuchukua mkoba wangu. Ulikuwa benchi la mbele, na chini ya benchi hilo, pembeni walipokaa mchungaji na mkewe, niliona sahani imefunikwa kwa sahani nyingine. Nikafunua. Mukimo ulikuwa vilevile nilivyoupakua, na kijiko kimelala juu, kikavu.

Sikusikia bibi akiingia. Alikuwa anakusanya vyombo vyake. Akaichukua ile sahani mikononi mwangu, akaigeuza kidogo kuona ile rangi nyekundu chini, ingawa alijua.

“Hii ni ya mama pasta,” akasema. Hakuwa anauliza.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nikamwambia namwita sasa hivi, nitamsimamisha hapa, nitamlazimisha ale mbele ya kanisa lote, mnafiki mkubwa huyu, ameniacha mimi niendeshwe na tumbo siku nzima kwa ajili ya—

“Umwite afanye nini?” bibi akanikata. “Wewe unapenda makelele. Nikiwa mgonjwa ni huyo atakuja. Nikikufa ni huyo atanizika. Umwaibishe halafu wewe uende, mimi nibaki na nani?”

“Lakini wamecheka, bibi. Wamesikia. Mwezi ujao si watakuja kwako?”

“Mwezi ujao watasema wamesahau.”

Nje kiongozi alikuwa anapaza sauti akiwataka waliookoka wainue mikono apige picha ya mwisho. Bibi akaketi kwenye benchi la mchungaji, akaweka sahani mapajani, akapangusa kijiko kwa ncha ya sweta.

“Nilikula, bibi,” nikasema. Nilitaka angalau hilo.

“Ulikula,” akasema. “Ulikula kwa sababu unaenda. Hata hawa, kama wangekuwa wanaenda, wangekula.”

Akaanza kula. Alikula bila haraka, kijiko baada ya kijiko, kama mtu aliye jikoni kwake. Dereva alipiga honi, dada mmoja akaniita kutoka mlangoni. Nilisimama pale na mkoba begani, nikitaka anipe kijiko, na hakunipa.